Barua ya wazi kwa wanaotoa vibali vya ghorofa Dar es Salaam: tazameni mtaa kabla ya kiwanja

Kwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi na nyumba, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Meya na madiwani wa Jiji, Mkurugenzi wa Jiji na wataalamu wake wa mipangomiji, na uongozi wa Shirika la Nyumba la Taifa.

Waheshimiwa,

Shikamooni wakubwa zangu. Kwa mnaonizidi cheo lakini si umri, habari za kazi.

Naandika juu ya ghorofa za maduka na makazi zinazoendelea kupangwa Kariakoo, Gerezani, Mchafukoge, Kisutu na Upanga. Ombi langu ni moja, na naliweka hapa mwanzoni kwa ajili ya mwenye haraka: acheni kutoa kibali cha jengo kwa kutazama kiwanja peke yake. Mtaa upimwe kwanza, ijulikane unaweza kubeba nini, ndipo viwanja vyake vipewe vibali kimoja kimoja ndani ya kipimo hicho. Na kipimo hicho kibandikwe mahali ambapo mpangaji, mwenye fremu na mama lishe watakisoma bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimechora ramani za majengo. Sasa nimestaafu, lakini najua karatasi inavyokaa mezani. Katikati kuna kiwanja na bikoni zake nne, yaani alama za mipaka. Ndani ya mistari hiyo pamejaa: nguzo, ngazi, lifti, matangi, fremu za chini, nyumba za juu, kila kitu na kipimo chake. Nje ya bikoni karatasi ni nyeupe. Pengine utaona jina la mtaa na mshale wa kaskazini, basi. Mtaro utakaopokea maji ya paa lile haumo. Nyumba ya jirani iliyojengwa kwa mawe na chokaa, yenye msingi wa kina kifupi, haimo. Kona ambayo gari la zimamoto linapaswa kukata haimo. Ofisa anayegonga muhuri anagonga juu ya karatasi hiyo, na ni vigumu kumdai aone kitu ambacho hakikuchorwa. Kwa hiyo barua hii haimtafuti ofisa fulani wala haimtuhumu mtu rushwa, ingawa najua vijiweni ndilo neno la kwanza kutajwa. Hata maofisa wote wakiwa malaika, kwa karatasi ile mtaa hautaonekana.

Mji huu ulipoanza kupangwa haukupangwa hivyo. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha katika miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870, mji ukadorora. Wajerumani wakahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi. Upande wa bahari yalitakiwa majengo ya mtindo wa Ulaya, nyuma yake majengo imara ya biashara, na mbali zaidi nyumba za udongo na makuti. Reli ya kati ikaanza kujengwa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Biashara ya bara ikamiminika bandarini, watu wakaja na ardhi ikapanda bei. Mwaka 1914 kanuni zikatengenezwa upya na mji ukagawanywa kanda tatu. Vita ikaja. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na sehemu ambayo Wajerumani walikuwa wameitenga kuwa mji wa Waafrika ikawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitengeneza jina hilo mpaka likawa letu: Kariakoo.

Waingereza nao wakashika kanda tatu zilezile mwaka 1924. Walikuwa na tatizo moja: Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na masharti ya udhamini hayakuwaruhusu kuandika ubaguzi waziwazi. Basi sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya ukuta. Ukiweza kujenga kwa kiwango cha kanda ya kwanza, karibu baharini. Usipoweza, njia ya Kariakoo unaijua. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu kwa kisingizio cha afya, ili maradhi ya upande mmoja yasivuke kwenda mwingine. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja.

Sisifii kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya kutenganisha watu, na walioumia walijulikana tangu siku ya kwanza. Lakini mimi ni mchora ramani, siwezi kujifanya sioni kwamba aliyechora upana wa mtaa ndiye aliyeamua aina ya nyumba itakayosimama pembeni yake. Pitieni Mtaa wa Jamhuri, Mtaa wa Mosque, Zanaki au Indira Gandhi, mahali ambapo nyumba za zamani bado zimebaki. Baada ya vita mali za Wajerumani ziliuzwa, na wafanyabiashara wa Kihindi wakawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 wakajenga kwa mtindo ambao mpaka leo haujapitwa: duka chini, familia juu, roshani inayotazama barabara, uani nyuma, na juu ya kipaji cha nyumba mwaka wa ujenzi umechongwa kwenye lipu. Ghorofa moja, mbili, kwa nadra tatu. Jua linafika chini. Mwenye nyumba akiwa juu anamsikia mteja aliye barazani. Maji machafu ya familia tatu yanapita kwenye bomba la familia tatu.

Upande wa Kariakoo kiwanja kilikatwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na bafu, mbele baraza. Mitaa ilinyooshwa kama kamba, Sikukuu, Narung'ombe, Swahili, Aggrey, Mchikichi, na kila mtaa ulikuwa na upana wa kutosha nyumba za chini, mkokoteni na watu wanaokaa barazani jioni.

Sasa tazama tulichokifanya. Bikoni ni zilezile na mtaa ni uleule, lakini mahali pa nyumba ya vyumba sita imesimama ghorofa kumi. Chini kuna fremu zilizobanana kiasi kwamba mteja anapita kwa ubavu, juu yake stoo, juu ya stoo makazi au nyumba ya wageni. Mtu mmoja akifanya hivyo, mtaa unavumilia. Wakifanya kumi upande huu na kumi upande ule, kila mmoja akiwa na kibali halali mkononi, mtaa unakwama, na hakuna hata mmoja kati yao aliyevunja sheria.

Najua mji lazima ukue kwenda juu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mwendokasi unashusha abiria Gerezani na Kivukoni tangu 2016, na treni ya umeme ilianza safari za Morogoro mwaka 2024, miaka mia moja na zaidi baada ya treni ya kwanza. Wateja wa Kariakoo wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Bujumbura, wanataka mzigo leo na kulala karibu. Anayesema Kariakoo irudi kuwa nyumba za mbavu za mbwa hajui anachosema, na siko upande wake. Nataka ghorofa. Nataka pia watu waendelee kuishi katikati ya jiji, wasiachwe walinzi peke yao usiku.

Ila kuna vifo, waheshimiwa, na barua hii haiwezi kuvipita kwa mbali. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa kwenye kona ya Mtaa wa Indira Gandhi na Barabara ya Morogoro liliporomoka. Watu 36 walikufa, wakiwemo watoto. Ilielezwa wakati ule kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zilizoidhinishwa. Wakazi wa pale walikuwa wakilitazama jengo lile likipanda kila wiki. Nani kati yao angejua kwamba limepita kipimo? Kipimo kilikuwa kwenye faili. Laiti ukutani kungeandikwa kwa herufi kubwa idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, mtoto wa darasa la pili angehesabu na kumwambia mama yake.

Kisha Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, Kariakoo, jengo la ghorofa nne likawaangukia wafanyabiashara na wateja asubuhi. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa ikisikiliza waokoaji wakizungumza na walionaswa chini. Waziri Mkuu akaunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Lilikuwa jambo jema. Ombi langu kuhusu hilo ni dogo: kila jengo lililokaguliwa libandikwe matokeo yake mlangoni. Tunabandika bei ya nyama buchani, tunashindwaje kubandika hali ya nguzo?

Hapa nitakaa kidogo, maana uchimbaji wa chini ndio unaonikosesha usingizi. Mwenye jengo la zamani pale Kariakoo anataka stoo zaidi. Kwenda juu hawezi, msingi haukubali, kwa hiyo anachimba. Wanaita andagraundi. Au mwenye kiwanja cha jirani anaanza jengo jipya na shimo lake linashuka mita kadhaa, hatua mbili kutoka ukuta wa watu. Udongo wetu wa pwani ni mchanga. Ukiutoa upande mmoja, wa upande wa pili unakufuata, polepole kwanza, na masika inapofika unaharakisha. Nyumba ya mwaka 1930 haina nguzo za nondo zilizozama chini. Imekaa juu ya msingi mpana wa mawe, na kilichoishika miaka yote hiyo ni kwamba mchanga wa pembeni haujaondolewa. Unaanza ufa mwembamba juu ya dirisha. Baada ya wiki mlango wa chumbani unagoma kufunga. Mpangaji anaita fundi, fundi anapiga randa mlango, na shimo la jirani linaendelea kushuka. Katika ramani iliyoidhinishwa ya shimo lile, nyumba inayopasuka ni nafasi nyeupe.

Mchimba shimo alazimishwe, kabla ya jembe la kwanza, kupima na kupiga picha kila nyumba inayopakana naye, kuweka alama za kufuatilia nyufa, na kuacha nakala ofisi ya serikali ya mtaa. Ukuta wa kuzuia udongo uchorwe na mhandisi aliyesajiliwa na uonekane umesimama kabla ya kuchimba kwenda chini zaidi. Wahandisi wenzangu wa zamani wataniambia hayo tayari ni desturi ya kazi njema. Kweli. Nataka yawe sharti la kibali, na jirani awe na karatasi mkononi.

Mtaniuliza, huko kwingine walifanyaje? Nitatoa mfano mmoja tu, New York, kwa sababu mji ule ulikutana na swali letu hili mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati Dar es Salaam bado ikihesabu mabehewa ya kwanza. Maelfu ya wahamiaji walikuwa wakiishi katika nyumba za kupanga zilizobanana ukuta kwa ukuta, vyumba vya katikati vikipata hewa kwenye upenyo mwembamba uliogeuka jalala na, moto ukitokea, ukawa bomba la kupandisha ndimi juu. Sheria ya mwaka 1901 ikasema kila chumba kiwe na dirisha linalotazama nje, upenyo ule ubadilishwe kuwa ua wa kweli, na kila nyumba iwe na choo chake. Wenye majumba walilia kwamba ujenzi utakufa. Haukufa; nyumba mpya zilijengwa nyingi, nazo zina wapangaji hadi leo.

Halafu mwaka 1915 likakamilika jengo la ofisi la Equitable, namba 120 Broadway, lililopanda wima kutoka ukingo wa barabara mpaka juu, na ukijumlisha sakafu zake zote zinakaribia mara 30 ya ukubwa wa kiwanja. Majirani wakabaki gizani mchana, na kodi za majengo yao zikaporomoka. Tarehe 25 Julai 1916 jiji likapitisha kanuni mpya. Kipengele kinachonivutia ni kimoja: urefu wa ukuta unaoinuka barabarani ulipimwa kwa upana wa barabara yenyewe. Mtaa mwembamba, ukuta mfupi. Mtaa mpana, ukuta mrefu. Ukitaka kuendelea juu, unarudi nyuma ngazi kwa ngazi, na mnara mwembamba ukaruhusiwa kwenye robo tu ya kiwanja. Hawakuzuia majumba marefu, kila mtu anajua New York ilivyo. Walichobadilisha ni mahali pa kuanzia kupima: rula iliwekwa barabarani kwanza.

Hapa kwetu rula hiyo ingesema nini Mtaa wa Narung'ombe? Ingesema nini Mtaa wa Mkunguni? Sitaki kukisia mezani, hiyo ni kazi ya vijana wenu wenye vifaa. Lakini ghorofa kumi zilizosimama wima pande mbili za mtaa uliokatiwa nyumba za chini hazihitaji kifaa. Simama katikati saa tisa alasiri utafute jua.

Na madirisha! Kuna nyumba mpya za kupanga mjini hapa ambazo chumba cha pili na cha tatu madirisha yake yanatazama ukuta wa jengo la jirani, umbali ambao ukinyoosha mkono unaugusa. Taa inawaka saa nne asubuhi, feni haizimwi, na mtoto anasomea sebuleni kwa sababu chumbani hakuna hewa. Wakati ramani ile inachorwa, kiwanja cha jirani kilikuwa na nyumba ya chini, dirisha likapata mwanga. Jirani naye akapata kibali chake. Wote wawili wamefuata utaratibu, na kati yao wametengeneza vyumba ishirini visivyofaa kulala binadamu. Mtaa ungepimwa mara moja, ua wa pamoja katikati ya viwanja vinavyopeana mgongo ungechorwa kabla ya mtu yeyote kumwaga zege.

Moto nitausema kwa kifupi, maana kila mtu anaujua. Soko la Kariakoo, jengo lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, nalo lilikuwa limezungukwa na barabara pande zake. Je, jengo lililo katikati ya mtaa, ngazi moja imegeuzwa stoo ya mabegi, nje meza zimefunga njia? Nawaombeni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lishirikishwe mtaa unapopimwa, gari lao lipite kweli, siku ya biashara, saa sita mchana. Lisipopita, mtaa huo usiongezewe ghorofa mpaka litakapopita. Wamachinga wasifanywe kisingizio. Wapangiwe pa kukaa katika ramani hiyohiyo, kwa sababu hata wakiondolewa Jumatatu, Alhamisi wamerudi, na sote tunanunua kwao.

Maji taka nayo. Bonde la Msimbazi linajaa kila mvua kubwa, Jangwani mnaijua vizuri kuliko mimi. Kila paa jipya la zege linapeleka maji barabarani kwa kasi ambayo uani wa mchanga haukuwa nayo, na kila ghorofa ya makazi inaongeza vyoo kwenye bomba lilelile. Baada ya hapo tunashangaa chemba zikifumuka Mchafukoge na kusema kata imeshikwa na jina lake.

Mtanijibu kwamba mpango kabambe upo. Naam, ipo mingi. Kuna wa mwaka 1949, wa 1968, wa 1979, na huu wa sasa unaokwenda mpaka 2036. Na kwa Kariakoo na katikati ya jiji mipango ya uendelezaji upya imewahi kutengenezwa na wataalamu wazuri, wengine walinifundisha kazi. Swali langu ni hili: mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayo nakala? Mwenye fremu aliyelipa kilemba cha mamilioni ameiona? Ramani kubwa ya mkoa inapaka eneo rangi ya biashara na makazi mchanganyiko, na ramani ya kiwanja chenye bikoni nne inaonyesha nguzo na lifti. Inayokosekana mikononi mwa watu ni ile ya kati: mtaa mmoja, nyumba zake zote, mitaro yake, mabomba yake, urefu unaoruhusiwa kila upande. Kama ipo kabatini, itoeni. Kama imezeeka, itengenezwe upya, muanze na mitaa michache yenye maombi mengi.

Kwa Shirika la Nyumba la Taifa nina neno la peke yake. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Ndiyo maana leo ninyi ni mwenye nyumba mkubwa kuliko wote katika mitaa hii, na miradi ya ubia na wajenzi binafsi inapita mikononi mwenu. Mna nafasi ambayo hakuna mwenye kiwanja binafsi anayo: mara nyingi mna nyumba kadhaa katika mtaa mmoja. Mnaweza kupanga ua wa pamoja, ngazi mbili za dharura, tangi moja la maji ya kuzima moto kwa majengo matatu. Badala yake tumezoea kuona nyumba moja ikipewa mbia huyu, ya pili mbia yule, na kati yao uchochoro usiofaa hata kupitisha taka.

Na wapangaji wenu. Kuna familia zimekaa nyumba moja vizazi vitatu. Babu alikuwa mshona nguo au karani wa reli, wajukuu wanauza vipuri. Notisi ya kuhama ikija, wanaambiwa maendeleo yamefika. Sawa, lakini mkataba wa ubia uandikwe ndani yake haki ya kurudi: mpangaji wa zamani apewe nafasi ya kwanza katika jengo jipya, kwa kodi iliyotajwa kabla hajahama, na anayeshindwa kodi hiyo ajue mapema atahamia wapi. Maneno ya mdomo katika jambo hili hayana kazi, nimeyasikia mengi.

Nyumba za zamani zote haziwezi kubaki, na baadhi hazistahili. Ila chache zenye roshani nzuri na mwaka wake kwenye kipaji zichaguliwe sasa, kwa majina ya mitaa, kabla mbia hajaja na tingatinga usiku wa sikukuu. Sehemu nyingine inawezekana kuacha uso wa mbele na kujenga nyuma yake kwa kurudi hatua kadhaa.

Mnazi Mmoja msiiguse. Naliweka hili peke yake kwa sababu nimesikia minong'ono ya maegesho na maduka, na minong'ono ya jiji hili ina tabia ya kuja na mabati. Uwanja ule ulitengwa kwa nia mbaya, kutuzuia kupumua hewa moja. Sasa ndiyo hewa yenyewe tuliyobaki nayo kati ya Uhindini na Kariakoo, na humo ndimo ulimo mnara wa Mwenge wa Uhuru. Ingekuwa kichekesho tuuze kwa fremu kile ambacho hata aliyetubagua hakukijenga.

Wajenzi watalalamika kuhusu gharama na muda. Nimekaa nao meza moja miaka mingi, nawaheshimu, na nitawajibu kwa lugha yao. Mjenzi makini anachoogopa zaidi ni kutojua. Leo ananunua kiwanja kwa bei ya ghorofa kumi na mbili bila kujua kama atapewa nane au kumi na tano, na hajui jirani atamzibia madirisha lini. Dalali anamwambia yote yanawezekana. Mtaa ukishapimwa, urefu unajulikana kabla ya kununua, bei ya ardhi inakaa mahali pake, na mkopo wa benki unahesabika. Atakayeumia ni yule aliyezoea kununua ghorofa nane na kujenga kumi na tano. Huyo sina la kumwambia.

Basi haya ndiyo ninayoyataka kuyaona kwa macho kabla mwaka wa fedha huu haujaisha. Kwenye uzio wa kila jengo linalojengwa, karibu na stika za bodi za wahandisi, wakandarasi na wabunifu majengo, kuwe na ubao mkubwa kwa Kiswahili: idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa juu ya ardhi, idadi ya zilizoruhusiwa chini, matumizi ya kila ghorofa, tarehe ya kibali, na mtu wa kupigiwa simu. Ramani ya mtaa mzima ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, na kila kibali kipya kichorwe juu yake kwa rangi ili watu waone kilichobaki. Mkutano wa mtaa upewe siku za kutosha kusema lake kabla muhuri haujagongwa, na majibu ya wataalamu yawe kwa maandishi.

Mtaa wa kuanzia mchague nyinyi. Mkikosa, mimi napendekeza Narung'ombe, kutoka Msimbazi kwenda Lumumba, kwa sababu umebeba kila kitu nilichokitaja humu. Vijana wenu wakihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya futi kamba, mwenyekiti wa mtaa wetu anajua pa kunipata.

Wasalaam,

Mchora ramani mstaafu,
Kata ya Mchafukoge, Dar es Salaam